UZI: Tumbo la ghafla usiku, je huyu aweza kungoja mpaka asubuhi?

SistaZamu

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Kwenye ule uzi mwengine nimesoma mtu asema nduguye tumbo lamkata tangu laasiri, hata kusimama wima hawezi, na majibu yote chini yake ni dawa. Mmoja Eno, mwengine tangawizi na habasoda, mwengine ampeleke kwa bibi akachuliwe, mwengine amnunulie dawa za taifodi pale kemisti. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Ndio nikaona nifungue uzi, mimi ni nasi (muuguzi) wa kasualti, yaani idara ya dharura, hapa hapa Mombasa na tumbo ni katika mambo tunayoletewa sana usiku, na wengi wanaofika hali mbaya ugonjwa wao ulikuwa na tiba kabisa, ila wamekaa nyumbani siku mbili wakitafuta jina lake.

Jina acheni kwanza. Sisi hatuanzi na jina. Twaanza na kujiuliza huyu mtu aweza kungoja au hawezi, na hilo hata wewe nyumbani waweza kulijua kwa kiasi kikubwa bila mashine.

Mtazame mwenyewe kabla hujatazama tumbo. Amepauka? Viganja na ndani ya kope zimekuwa nyeupe? Ana jasho la baridi, anahema mbio, akikaa anaona kizunguzungu, amezimia hata mara moja tu? Huyo hangoji, tafuta gari sasa hivi. Na msitegemee presha peke yake, manake mtu mzima ana damu kama lita 5 na kijana mwenye afya aweza kuvuja karibu lita 1.5 ndani ya tumbo na mashine ya presha bado ikasoma vizuri, kinachotangulia kubadilika ni mapigo ya moyo na pumzi. Akija mtu mapigo 125 na presha 110 siwezi kumwambia akae benchi eti presha yake nzuri.

Alafu angalia alivyolala. Mwenye mawe ya figo hatulii, ajipinda huku ainuka huku, maumivu yaanza ubavuni kwa nyuma yashuka mpaka kinenani. Lakini ambaye ndani ya tumbo mmeingia usaha au utumbo umetoboka yeye hulala kimya magoti ameyakunja, hataki hata kitanda kiguswe, akikohoa ashika tumbo. Ukiligusa tumbo lenyewe limekuwa gumu kama ubao na yeye hawezi kulilegeza hata akitaka. Huyo pia hangoji.

Baada ya hapo ndio hadithi, na hadithi ya tumbo ina thamani kuliko vipimo vingi. Yalianza ghafla, yaani waweza kusema nilikuwa nafunga duka ndipo yakanipiga, au yamekuja pole pole? Yalianzia wapi na sasa yako wapi? Alianza kuumwa ndipo akatapika, au alitapika na kuhara kwanza ndipo tumbo likauma? Hili la mwisho watu hawalitilii maanani lakini sisi twaliuliza kila mara, maumivu yakitangulia kutapika twaogopa zaidi kwamba kuna jambo la upasuaji, kutapika na kuhara kukitangulia mara nyingi ni chakula au virusi. Mara nyingi, si kila mara. Choo amepata lini, na je, anatoa hewa? Mtu ambaye tumbo limemfura, anatapika, hana choo wala hewa, huyo utumbo umeziba mpaka ithibitike vyengine. Na muulize kama ashawahi kupasuliwa, hata kama ni upasuaji wa kuzaa wa miaka 10 nyuma, kwa sababu kovu la ndani hugandanisha utumbo na siku moja ukajikunja hapo. Mwambie pia aonyeshe kinena. Wako watu wamekaa na ngiri miaka, yatoka yarudi, wameizoea, siku hiyo imetoka haikurudi, imekuwa ngumu na yauma, basi utumbo umebanwa ndani na damu haifiki. Saa zinahesabika hapo.

Na mkiwa mwamtayarisha kuja, haya nawaomba kwa dhati. Msimlishe wala msimpe chai ya nguvu apate stamina, maana akihitaji thieta (chumba cha upasuaji) tumbo linatakiwa liwe tupu, kwa kawaida saa 6 tangu chakula. Msimpe dawa ya kuendesha wala enema. Msimchue. Tumbo lenye mimba ya kwenye mrija iliyopasuka au utumbo uliobanwa likichuliwa laharibika zaidi. Na vijikaratasi vya dawa alizonunua kemisti njooni navyo vyote, msivitupe kwa kuona haya.

Ulizeni, ntajibu nikipata nafasi.

TuktukBamburi

Shukran sista, huu uzi wafaa kupachikwa juu. Mimi nabeba wagonjwa sana usiku kutoka Bamburi na Kisauni na nnalotaka kuuliza ni hili, kuna abiria akishika tumbo kila bampu analia utadhani nampiga, mwengine yuko na maumivu vile vile lakini bampu hazimsumbui. Kuna maana yoyote ama ni mtu na mtu?

SistaZamu

Kakangu umeuliza jambo ambalo madaktari wamelifanyia utafiti. 2012 Uingereza walichapisha kazi ya wagonjwa 101 waliotumwa kuangaliwa kama wana apendiksi, wakawauliza njiani bampu zilikuwaje. Waliothibitika baadaye kuwa na apendiksi karibu wote, 33 katika 34, walisema bampu ziliwauma zaidi. Lakini wengi ambao hawakuwa nayo pia waliumia, kwa hivyo bampu ikimuuma hatusemi tayari ni apendiksi, ila isipomuuma kabisa yatupa moyo kidogo. Maana yake ni kwamba ule utando wa ndani wa tumbo umeshaathirika, kila ukitikiswa wauma. Ukifika getini waambie tu "njiani kila bampu alikuwa akilia", ni habari nzuri sana kwetu.

Na apendiksi yenyewe, kidole tumbo, hadithi yake ya kawaida huanzia karibu na kitovu, maumivu ya kuzunguka tu, chakula hakitaki hata kukiona, kichefuchefu, alafu baada ya saa kadhaa yahamia chini kulia na homa ndogo. Si wote wanafuata njia hiyo, watoto na wajawazito hasa. Jambo moja la kuogopa: mtu ameumwa siku nzima na ghafla maumivu yapungua, watu wasema alhamdulillahi amepona, baada ya muda tumbo zima laanza kuuma na homa yapanda. Hapo kimepasuka.

MamaNuru_Likoni

Sista salaam. Binti yangu ana miaka 17 na kila mwezi hupata maumivu, sisi twajua ni chango, kuna dawa ya kienyeji nampa atulia. Mwezi huu yamekuja upande mmoja tu wa kushoto tangu jana na amesema bega lamuuma pia. Nimempa dawa haijasaidia. Nimngoje siku zake ziishe?

SistaZamu

Mamangu usingoje, tafadhali. Acha kusoma uzi, mpeleke sasa hivi, ntakueleza hapa chini usome njiani.

Bega kuuma pamoja na tumbo kwa msichana au mwanamke aliyevunja ungo kwetu ni kengele. Damu ikimwagika ndani ya tumbo hupanda mpaka chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni sehemu moja na wa bega, basi ubongo wadhani ni bega. Chanzo chaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija, chaweza kuwa uvimbe wa ovari umepasuka, au ovari imejisokota na bega lina lake, mimi sijui na sitakisia hapa. Lakini zote hizo zaangaliwa leo, si wiki ijayo. Aking'ang'aniwa na kizunguzungu au akipauka mwambieni alale chini, msimsimamishe. Likoni kuna hospitali ya kaunti ndogo, anzia hapo wampime na kumwekea dripu, wao watajua kama avuke feri na ambulensi.

Mengine nasema kwa wote, mamangu usinielewe vibaya. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo twampima mimba. Kila mmoja. Aliyeolewa, asiyeolewa, mwenye koili, aliyefungwa mirija, anayesema yuko kwenye siku zake. Kutoka damu kidogo si dalili kwamba hana mimba, mimba ya kwenye mrija yenyewe huja na damu kidogo na wengi hudhani ni hedhi imekuja kombo. Na koili yazuia mimba vizuri sana lakini ile chache inayopenya ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje ya kizazi. Kipimo chenyewe ni mkojo kidogo na dakika chache.

Ndio maana twawaomba wazazi watoke nje kidogo. Siwatoi kwa kuwadharau. Msichana mbele ya mamake na shangazi zake wawili hawezi kunijibu swali hilo kwa kweli, na jawabu lake laweza kuokoa maisha yake. Nikimaliza mwarudi, na alichonambia ni siri yake mpaka mwenyewe atake. Kina baba na kina mama mnaosoma hapa, nasi akiwaambia mkae nje dakika tano msigombane naye.

MamaNuru_Likoni

Tuko njiani tayari, kakake ametafuta gari. Niombeeni.

Chumvi_Kongowea

Allah amjaalie wepesi binti yetu, aamin.

MwanafunziTiba

Sista mimi nasoma udaktari na nna swali la kitandani. Wazee wetu wa wodini bado wengine wasema usimpe mgonjwa wa tumbo dawa ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji amguse, eti utafunika dalili. Nimeona mgonjwa akalia saa tatu nzima. Nyinyi mwafanyaje?

SistaZamu

Hilo laniumiza roho kwa kweli. Ni fundisho la zamani sana, la wakati ambapo hakukuwa na altrasaundi wala CT na daktari alikuwa na mikono yake tu. Majaribio yamefanywa tangu hapo, yakakusanywa pamoja na Cochrane, shirika linalopitia tafiti za tiba, na hayakuonyesha kwamba morfini yaongeza makosa ya kutambua ugonjwa. Tena mtu aliyetulia kidogo wampima vizuri zaidi, kwa sababu yule anayelia amekaza tumbo lote na hujui wapi panauma na wapi ni hofu. Utumbo uliotoboka hauachi kuwa mgumu kwa sababu umempa morfini ya kiasi.

Sisi mwenye maumivu makali apewa morfini ya mshipa kidogo kidogo, kama miligramu 0.1 kwa kila kilo, huku twaangalia pumzi na presha, wa wastani apewa parasetamoli ya mshipa. Ninachochunga ni diklofenaki ya sindano, ile imekuwa kama salamu kila mtu adungwa. Kwa mwenye alsa, anayetapika damu, figo zake dhaifu au amekauka maji, ile yaweza kumdhuru. Tena vidonda vingi vya tumbo vinavyotoboka vina mkono wa hizo hizo dawa, Brufen na diklofenaki za mgongo na magoti zinazonunuliwa kemisti bila kuulizwa, pamoja na yule bakteria wa tumboni, H. pylori. Kwa hiyo muulize mgonjwa ameza nini kwa maumivu ya mgongo, usiulize tu dawa za tumbo.

Na mpangilio wenyewe kwa mgonjwa mzito, manake najua mtaulizwa. Njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, hayo hayabadiliki hata kama shida iko tumboni. Oksijeni akihitaji. Kanula (sindano za dripu) mbili nene, na hapo hapo wachukua damu ya hemoglobini, ya grupu na kulinganisha, ya figo na chumvi. Sukari ya kidoleni usisahau kamwe, mwenye kisukari kilichopanda hadi damu ikawa na asidi aweza kuja na tumbo linalouma na kutapika mpaka ukamwita mpasuaji bure, na dawa yake ni maji na insulini. Mkojo, na kipimo cha mimba. Kama utumbo umeziba, mpira wa puani mpaka tumboni, utoe yale maji yote kabla hayajaingia mapafuni, wengine hutoa zaidi ya lita na uso wao wabadilika pale pale. Mpira wa mkojo, na mtu mzima twataka angalau nusu mililita kwa kilo kila saa. Ukiona dalili za maambukizi yaliyosambaa, antibayotiki za mshipa ndani ya saa ya kwanza, kwetu mara nyingi ni seftriaksoni na Flagyl, usingoje majibu ya maabara.

Dripu pia ina akili yake. Aliyekauka kwa kutapika siku mbili mpe Ringer ya kutosha. Anayevuja damu ndani usimjaze maji ya chumvi chupa baada ya chupa mpaka damu iwe nyepesi isigande, huyo ataka damu na ataka thieta, na maji ni ya kumfikisha huko tu.

Eksirei ya kifua akiwa amesimama au ameketi wima, tafuta hewa chini ya kiwambo, ukiiona utumbo au tumbo limetoboka. Usipoiona usiseme hakuna, wako wenye tundu na hewa haikuonekana. Altrasaundi yatuonyesha maji au damu tumboni kwa dakika chache pale pale kitandani. Na hesabu ya chembe nyeupe za damu ikiwa sawa haiondoi apendiksi, mkono wako na hadithi vyatangulia. Alafu umpime TENA baada ya saa moja au mbili. Tumbo la saa nne usiku na la saa saba usiku si tumbo moja, na ile tofauti ndio mara nyingi huleta jibu ambalo kipimo cha kwanza hakikuleta.

MzeeMagongo

Binti yangu nasi, hongera kwa kazi. Mimi mwanangu wa kiume alitibiwa taifodi mara tatu mwaka huu katika zahanati moja ya mtaani, kila tumbo likiuma wampima damu wasema taifodi tena. Ni kweli mtu aweza kuipata hivyo?

SistaZamu

Mzee wangu shikamoo. Taifodi ipo kweli, na ikiachwa yaweza kutoboa utumbo, mara nyingi kama wiki ya tatu ya homa, na hiyo ni dharura kubwa. Lakini kile kipimo cha haraka cha damu wanachotumia sana, cha Widal, chaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyechanjwa, na hata kwa homa nyengine. Kwa hivyo mtu wa aina hiyo kila akipimwa atakuwa nayo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, na damu ichukuliwe kabla ya antibayotiki.

Nnachokiogopa zaidi ni kwamba neno taifodi likishatajwa watu huacha kutafuta. Nakuomba mpeleke mahali aangaliwe upya: maumivu yako wapi, yanahusiana na chakula, anapungua mwili, choo kina damu, mkojo una damu? Huku kwetu Pwani hasa upande wa Kwale kuna kichocho cha mkojo, vijana wengi waliooga mabwawani na mitoni wanacho hawajui. Na kama kwenu kuna siko seli (selimundu) mseme, Pwani ni katika sehemu zenye wagonjwa wengi, na tumbo lao laweza kuuma kwa ile ile hali ya damu kukwama. Kwa mtoto mdogo mwenye siko seli akipauka ghafla na upande wa kushoto juu umevimba, bandama imejaa damu, mbio hospitali.

Kijana2001

Naona haya kuuliza lakini hapa hakuna anayenijua. Maumivu ya tumbo chini, yameanza leo alfajiri nikiwa nimelala, nimetapika mara moja, na upande mmoja wa korodani umepanda juu na waniuma. Nimeona nisubiri kwanza nitajaribu Panadol.

SistaZamu

Mdogo wangu usijaribu, ondoka sasa. Korodani ikijisokota damu hukatika, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 tangu kuanza. Ukifika usiseme "tumbo" ukanyamaza, sema wazi wazi korodani, hapo dirishani, ili wakupitishe mbele. Hakuna atakayekucheka, na sisi kwa kijana yeyote wa kiume mwenye maumivu ya chini ya tumbo tunatakiwa kuangalia huko hata asiposema. Usile wala usinywe.

Kijana2001

Naenda. Shukran.

BakariMtongwe

Sista, babangu ana miaka 70 na kidogo, ana sukari na presha. Juzi alisema tumbo la juu lamuuma, tukaligusa laini kabisa, hana homa, tukaona ni futari. Leo ni nafuu lakini hana nguvu. Na sisi tuko ng'ambo, kuvuka usiku ni mtihani.

SistaZamu

Kaka Bakari, wazee ndio wanaonitisha kuliko vijana. Tumbo la mzee laweza kuwa laini na ndani mna balaa, homa yaweza isipande, na mwenye kisukari maumivu huyasikia kwa mbali. Vile vile anayemeza dawa za steroidi. Na tumbo la juu kwa mtu wa umri huo, hasa akiwa na sukari na presha, twampima moyo kwanza, kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu mshtuko wa moyo wa upande wa chini huja kama kiungulia na kichefuchefu na uchovu. Kutokuwa na nguvu ndio lililonishtua katika maneno yako. Muulize kama ana jasho na kama pumzi yamkatika. Mpeleke leo, hata kama asema yuko sawa, wazee wetu hawapendi kusumbua watu.

Wengine wenye umri huo huja na maumivu ya mgongo na tumbo ya ghafla, twadhani mawe ya figo kumbe ni mshipa mkubwa wa damu wa tumboni umepanuka na wavuja. Au moyo wapiga ovyo ovyo, donge la damu limeruka likaziba mshipa wa utumbo, yuwalia maumivu makali mno na ukigusa tumbo huoni kitu. Ukiona maumivu ni makubwa kuliko unachokiona kwa mkono, usiyapuuze hata kidogo.

Kuvuka: mwenye dalili nilizosema juu apelekwe kwanza kituo kilicho karibu upande wenu, wamwekee dripu na wapige simu mbele, kuliko kukaa naye kwenye foleni ya feri hajaguswa na mtu. Ambulensi hupewa nafasi feri. Na wa Mtongwe na kusini sasa mna barabara ya Dongo Kundu ya kutokea upande wa Changamwe bila maji, kulingana na saa na gari uliyo nayo. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya dharura ya kawaida 999 au 112. Hifadhini kwenye simu leo.

MamaMapacha

Mimi wangu ana miezi minane, alia ghafla miguu aikunja, alafu anyamaza kama hakuna kitu, baada ya dakika kumi na tano tena. Nyanya yake asema ni meno.

SistaZamu

Dadangu, kilio cha kuja na kuondoka namna hiyo kwa mtoto wa umri huo twafikiria utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake, hutokea sana kati ya miezi 3 na miaka 2. Akitapika kijani, akilegea kati ya vilio, au choo kikija na damu na ute kama jemu, hiyo ni hatari, lakini damu huja mwisho, usiingoje. Nenda leo wampige altrasaundi. Akiwahi, mara nyengine hurudishwa kwa hewa au maji kupitia nyuma bila kisu, akichelewa ni upasuaji. Nyanya mheshimu na umweleze kwa upole, ila mtoto mpeleke.

Na isichanganywe na mtoto anayehara, huyo nilivyosema msilishe hakumhusu, maji ya ORS na ziwa aendelee.

Chumvi_Kongowea

Sista na pesa? Kuna hospitali moja ya binafsi walitwambia tuweke amana kwanza na mgonjwa amekunjamana mlangoni.

SistaZamu

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba kituo kisichotoa ni kosa. Cha umma au cha binafsi, wanatakiwa wamtulize kwanza, na kama hawana uwezo wampe rufaa kwa utaratibu, si kumwonyesha barabara. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, jiandikisheni mkiwa wazima, usajili wa mgonjwa amelala machela wachosha kila mtu. Lakini kutojiandikisha hakumfanyi akose dharura. Mkiambiwa amana, semeni neno "dharura" na muombe kuzungumza na msimamizi wa zamu.

MamaNuru_Likoni

Sista. Tumevuka usiku ule ule na ambulensi. Walipiga altrasaundi wakaona damu tumboni, amefanyiwa upasuaji, yuko wodini azungumza. Sitasema mengine hapa ni yake yeye. Allah akulipe kheri.

SistaZamu

Alhamdulillah, alhamdulillah. Mamangu umefanya vizuri sana, na umefanya vizuri kumwachia yaliyo yake.

TuktukBamburi

La mwisho sista. Wengi nawarudisha nyumbani alfajiri, wameambiwa hakuna kitu, wengine siku ya pili nawabeba tena wakiwa wabaya zaidi na waona aibu kurudi pale pale. Mwawaambiaje?

SistaZamu

Kaka, wengi wanaokuja na tumbo huruhusiwa bila jina la ugonjwa, na si uzembe, apendiksi iliyoanza saa tatu tu nyuma yaweza isionekane na chochote. Ndio tunatakiwa kumwambia mgonjwa maneno kamili kabla hajatoka, na asipoambiwa aulize: nirudi lini na kwa dalili gani. Jawabu ni hivi, kama maumivu hayajapungua ndani ya saa 12 mpaka 24 arudi apimwe upya. Arudi mapema zaidi yakizidi au yakihamia chini kulia, akitapika kila kitu, homa ikipanda, tumbo likifura, akikosa choo na hewa, akizimia, damu ikitoka popote. Asipewe antibayotiki za kubahatisha hapo katikati. Arudi na karatasi ya jana, pale pale au penye thieta, na dirishani aseme "niliangaliwa jana kwa tumbo, nimezidi", sisi mgonjwa aliyerudi twamtazama kwa uzito zaidi kuliko wa mara ya kwanza. Ukimbeba mwambie hivyo njiani.